UZI: Zein l'Abdin na Juma Bhalo, tuwapime kwa sikio gani?

MwanaMkomani (Lamu)
Asalaam aleikum jamaa. Nimefungua uzi huu kwa sababu kule kwenye uzi wa harusi maneno yalianza kuwaka na mada haikuwa hiyo. Ndooni hapa tuzungumze kwa utaratibu.

Hoja yangu naiweka wazi. Zein l'Abdin Alamoody, mzaliwa wa Amu, ndiye kilele cha taarabu ya pwani yetu ya Kenya. Alipiga udi mwenyewe, aliimba mwenyewe, na mahadhi aliyajenga juu ya ngoma zetu na maqamu ya Kiarabu, yaani mipangilio ya noti. Juma Bhalo wa Malindi alikuwa na sauti, hakuna anayebisha. Lakini mahadhi yake mengi ni ya sinema za Kihindi. Mtu akichukua tuni iliyokwisha kupikwa Bombay akaivisha maneno ya Kiswahili, tumweke daraja moja na aliyeanza na udi mtupu?

Mwenye kujibu ajibu kwa ala, kwa beti au kwa rekodi. "Wazee wetu walimpenda" si jibu.

ShelaYaMalindi (Malindi)
Waaleikum salaam ami. Umeanza na hukumu, ushahidi umeuacha nyuma.

Kwanza, mahadhi ya Zein nayo hayakushuka kutoka mbinguni. Udi wa Yemen na Hadhramaut unasikika humo kila mahali. Mbona cha Mwarabu unakiita maqamu, na cha Mhindi unakiita tuni iliyokwisha kupikwa? Ama vyote ni mkopo, ama vyote ni malighafi.

Pili, Bhalo hakuwa kinanda cha sinema. Tafuta mahali harmoniamu inaposhikilia noti moja naye anaingia na sauti kabla ya tabla kuanza, kipande cha sekunde chache tu kisichofuata mapigo. Hapo hakuna Mhindi wa kumshika mkono. Ukitaka kumpima mwimbaji, mpime pale asipokuwa na ngoma ya kujifichia.

BintiLangoni (Lamu)
Nyote wawili mnasahau watu walioshika kalamu. Sehemu kubwa ya maneno ya Zein ilitoka kwa Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, huyu mwenye *Sambo ya Kiwandeo*. Bhalo naye alikuwa na Ahmad Nassir, ndugu yake wa ukoo, yule wa *Malenga wa Mvita* ya 1971. Kwa hiyo mnaposema "Zein alisema" au "Bhalo alisema", mara nyingi aliyesema ni mshairi.

Na hapo ndipo tofauti inapoanza kuonekana. Nabhany alikuwa akiandika kwa Kiamu kizito chenye msamiati wa utendi, na mwimbaji wake akaupa nafasi. Mstari unakaa, udi unajibu, ndipo mstari wa pili unakuja. Ahmad Nassir ni fumbo la Mvita, maneno ni ya kila siku ila ndani mna kisu. Fumbo halitaki kusubiri, linataka litue upesi msikilizaji ashtuke baadaye akiwa njiani kurudi nyumbani. Kila mwimbaji alipata mahadhi yanayolingana na mshairi wake. Mkiwabadilishia washairi, wote wawili wanaharibika.

RishaYaTai (Lamu)
Dada Langoni umesema la maana. Niongeze upande wa ala, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaposikiliza kwa mazoea.

Udi una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake. Hauna vigingi vya kugawa noti shingoni kama gitaa, kidole kinasimama popote. Ndiyo maana mpigaji anaweza kuingia rast, mojawapo ya maqamu hayo, ambayo noti yake ya tatu iko katikati ya ile ya furaha na ile ya huzuni. Ukianza rast kwenye do, hiyo mi imeshushwa nusu ya nusutoni, na noti ya si imeshushwa vilevile. Bayati, maqamu nyingine, inayoanzia re inatumia mi hiyohiyo, kama noti yake ya pili. Fundi wa udi anahama kutoka rast kwenda bayati na kurudi, na msikilizaji anahisi wimbo umebadilika hali bila kujua ni nini kilichobadilika.

Harmoniamu haiwezi jambo hilo. Tamvua zake, zile ndimi za shaba zinazotoa noti, zimekatwa kiwandani, mi ni mi. Kwa hiyo tofauti kati ya mabwana hawa inaanzia kwenye chombo, kabla hata hatujafika kwenye kipaji. Aliyekaa miaka na harmoniamu atakwenda kwenye mahadhi ambayo harmoniamu inayakubali, na sinema za Kihindi zimejaa hayo.

Kwa vijana wanaopiga nyimbo za Zein kwa kinanda cha umeme harusini na kulalamika kuwa "haitoki kama yake": haitatoka. Ingieni kwenye mpangilio wa skeli, mshushe noti za mi na si kwa senti 50 (nusu ya nusutoni) kila moja kama mnaanzia do. Mkihamisha wimbo uanzie re kwa sababu ya sauti ya mwimbaji, basi zinazoshushwa ni fa-diezi na do-diezi, zile mi na si ziacheni. Kosa linalofanyika kila wikendi ni kuhamisha wimbo kwa kitufe cha transpozi halafu kusahau kama kinanda hicho kinahamisha na skeli pamoja au kinaiacha palepale. Vingine vinahamisha, vingine haviihamishi. Pigeni noti ya tatu peke yake msikilize kabla ya wageni kuketi.

MtaaWaNgambo (Unguja)
Yakhe, mnagombania vilele na mlima hamjautaja. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 akarekodi sahani za santuri za kampuni ya HMV kwa Kiswahili wakati mabwana wenu hawajazaliwa. Hapo ndipo pa kuanzia.

MwanaMkomani
Siti heshima yake haina mjadala. Ila tukimleta humu tunampima kwa mizani mbovu. Sahani ya 78 ya inchi 10 inabeba kama dakika tatu upande mmoja. Wimbo uliokuwa ukiimbwa barazani robo saa, kwenye sahani umekatwa mabeti. Zein na Bhalo walifikia wakati wa kaseti, upande mzima wa dakika 30 au 45, wimbo unavuta utakavyo. Tunaisikia pumzi yao yote. Ya Siti tunasikia kipande.

MtaaWaNgambo
Hilo nakubali. Lakini kipande chenyewe kinatosha.

KijanaWaBarani (Malindi)
Naomba kuuliza wakubwa zangu. Hizo tuni za Kihindi, kuvisha maneno ni kazi kweli? Siku hizi mtu anafanya kwa simu dakika tano.

ShelaYaMalindi
Mwanangu, anafanya dakika tano na inasikika ya dakika tano. Ngoja nikuoneshe mahali kazi ilipo, na Mwana Mkomani naye asome.

Nyimbo nyingi za sinema za enzi ile zinakwenda kwa kaharwa, mapigo 8, au dadra, mapigo 6. Shairi letu la kawaida lina mizani (silabi) 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na 8 utao, nusu ya pili. Kaharwa inalipokea bila shida. Dadra inataka 6 kwa 6, yaani wimbo wa mizani 12. Mtu akichukua shairi la 16 akalilazimisha kwenye dadra, atalazimika kubana silabi mbili mbili kwenye pigo moja, na utamsikia anakimbizana na tabla kama anadaiwa.

Hatua zenyewe ziko hivi. Sikiliza tuni bila kusikiliza maneno, uiimbe kwa "la la" mpaka uwe na hesabu ya noti za kila kipande. Weka alama noti ndefu ziko wapi. Kisha tunga kibwagizo kwanza, kwa sababu ndicho kitakachorudi baada ya kila ubeti, na kikikosea kitakosea mara nyingi. Mabeti yanafuata. Kipande cha juu, kile Wahindi wanachokiita antara, kinapanda kuliko mwanzo wa wimbo, kwa hiyo maneno yake yatungwe ukijua koo litakuwa juu.

Sasa mtego. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kihindi zinavuta silabi ya mwisho. Chukua mstari huu wa mfano, wa mizani 6 kwa 6:

*Nenda kwa salama, mimi nabakia*

Kama noti ndefu ya juu iko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, itaangukia "ki". Irabu "i" juu kabisa inabana koo, sauti inatoka nyembamba. Badilisha:

*Nenda kwa salama, mimi nitangoja*

Sasa noti inakaa kwenye "ngo", koo liko wazi. Lakini kama tuni inavuta silabi ya mwisho kabisa, utapata "nitangojaaa", na hiyo ni lafudhi ya mgeni, si ya mtu wa hapa. Hapo fundi anatafuta neno linaloishia irabu mbili zinazofanana:

*Nenda kwa salama, mimi nitakaa*

Mizani ni ileile 6, maana haikuhama sana, na "kaa" unaweza kuivuta mpaka kesho bila kuvunja lugha. Sikiliza vizuri nyimbo za Bhalo ukihesabu mwisho wa mistari. Maneno yameketi pale noti zinapotaka. Hiyo ni kazi ya mshairi na mwimbaji waliokaa pamoja, mmoja anaandika, mmoja anajaribu, mmoja anafuta.

Kazi mbovu utaijua kwa vijazio: "ewe", "jamani", "yaani" vinavyokuja kila mahali mizani inapopungua. Kimoja katika ubeti si neno. Vitatu, mtu ameshindwa.

MwanaMkomani
Maelezo mazuri, nayakubali kama maelezo ya ufundi. Lakini umethibitisha hoja yangu mwenyewe. Umesema maneno yanatafutwa yafuate noti. Maana yake mshairi anaitumikia tuni. "Nabakia" na "nitakaa" si kitu kimoja: anayebaki ameachwa, anayekaa ameamua. Umebadilisha hali ya mtu kwa ajili ya koo la mwimbaji. Kwa Zein mahadhi ndiyo yaliyolifuata shairi. Nabhany hakuwa akifuta neno kwa sababu udi unataka irabu.

BintiLangoni
Ami, hapo umeteleza kidogo. Mshairi anayetunga kwa vina amekwisha kujifunga kabla ya ala yoyote kuja. Vina vya kati, vina vya mwisho, mizani, kibwagizo. Neno linabadilishwa kwa ajili ya kina tangu enzi za Muyaka, mshairi wa kale wa Mvita. Kufungwa na tuni ni kifungo kimoja zaidi, si kifungo cha kwanza.

Ila nitakupa nusu. Katika nyimbo za mahadhi huru, mwimbaji anaweza kurefusha mstari mmoja na kufupisha mwingine kulingana na uzito wa neno. Tuni ya sinema haitoi ruhusa hiyo. Pigo la nane likifika limefika.

TariNaDumbaki (Lamu)
Mmeruka midundo. Zein akiweka midundo ya chakacha au kumbwaya chini ya udi, tari na dumbaki hazigawani pigo kama tabla inavyogawa kaharwa. Tabla ya kulia inafungwa kwenye noti ya mwimbaji, yenyewe ni ala ya sauti. Tari haifungwi kwenye noti, inapashwa moto ngozi ikaze, basi. Upepo wa kusi ukiwa na unyevu, tari lililokazwa magharibi limelegea kabla ya saa nne. Ndiyo maana kwenye rekodi za hafla za usiku ngoma zinasikika nzito kuelekea mwisho wa kaseti. Msiseme wapigaji wamechoka.

KijanaWaBarani
Shukran sana. Swali jingine. Mimi napendelea Zein kwa sababu sauti yake imetulia, nzito. Ya Bhalo kwenye nakala zinazozunguka iko juu sana, nyembamba, kama anasukumwa. Au ndivyo alivyokuwa?

FundiKaseti (Malindi)
Kijana, swali lako ndilo lilipaswa kufungua uzi. Hapa watu wanahukumu sauti za watu kwa nakala ya nakala.

Kaseti inatakiwa kukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki za nyumbani zinapishana, 3% juu au chini ni jambo la kawaida. Sasa tuseme aliyekopi alitumia mashine ya kuchezea inayokimbia 3% na ya kurekodi inayozembea 3%. Nakala hiyo ukiipiga kwenye mashine nzima, inatoka juu kwa takriban 6%. Hiyo ni nusutoni nzima, na wimbo umekwenda haraka pia. Koo la mtu mzima linasikika la kijana, pumzi inasikika fupi, tabla inasikika ina haraka. Kopi mara mbili hivyo, umepata mtu mwingine kabisa. Na duka la kaseti linalopendwa na watu ndilo linalokopi zaidi, kwa hiyo mwimbaji mwenye wapenzi wengi ndiye nakala zake zimeharibika zaidi.

Jinsi ya kupima. Umeme wetu ni mzunguko wa 50 kwa sekunde. Kama rekodi ya asili ilifanyika kwa vyombo vya umeme wa ukutani, ndani ya kaseti kuna mvumo hafifu wa 50 ulioingia siku ileile. Huo mvumo unapanda na kushuka pamoja na mkanda, kwa hiyo ni rula uliyoachiwa bure. Fanya hivi:

Ingiza kaseti kwenye kompyuta, 24-biti, 48,000 kwa sekunde, faili ya WAV. Kilele cha sauti kiache kati ya desibeli −12 na −6, usisogeze hadi sifuri. C60 (kaseti ya dakika 60) nzima itakula kama gigabaiti 1. Zima Dolby, zima ekualaiza, zima kila kitufe cha kupunguza kelele.

Fungua kwa Audacity. Chagua kipande ambacho ala zimenyamaza lakini rekodi inaendelea, mfano kati ya wimbo na wimbo, watu wanakohoa. Pale penye besi hapafai, besi itafunika mvumo. Fungua uchambuzi wa spektra na ukubwa uweke 65536. Wengi wanaharibu hapa: wakiacha ukubwa mdogo, tuseme 16384, kila hatua ya kipimo ni karibu mizunguko 3, na kati ya 50 na 52 huoni tofauti yoyote.

Tafuta vilele vilivyo karibu na 50. Mara nyingi utaviona viwili. Kimoja kiko 50 kamili, hicho ni cha mashine yako mwenyewe unayochezea leo, kipuuze. Cha pili, tuseme kiko 53, ndicho cha rekodi ya asili. Hakikisha kwa kutazama kama kuna pacha wake 106 na 159. Basi kaseti iko juu kwa 6%.

Kurekebisha: kasi izidishe kwa 50 gawanya 53, yaani 0.943. Usipunguze 6% kwa kichwa, sahihi ni kama 5.7%. Na tumia kibadilisha *kasi*, usitumie kile cha kubadilisha noti peke yake. Cha noti kitashusha sauti na kuacha mwendo ukiwa wa haraka vilevile, utapata Bhalo mwenye koo zito anayeimba kama basi linamwacha.

Halafu ndiyo uniambie sauti ya nani ni nyembamba.

RishaYaTai
Fundi, na kama rekodi ilifanywa kwa redio kaseti ya betri, barazani, hakuna mvumo?

FundiKaseti
Hapo rula huna, unatafuta shahidi wa pili. Harmoniamu ni shahidi mzuri kiasi, tamvua hazisogei kama nyuzi za udi. Pima noti yake: ikiangukia katikati ya noti mbili, mkanda umekosea kwa kitu kama robo toni au robo tatu za toni. Lakini haikuambii umekosea kwenda juu au chini, na harmoniamu kuukuu huwa nje ya 440, kipimo cha kawaida cha noti ya la, yenyewe. Kwa hiyo chukua kaseti mbili tatu za kundi hilohilo za kipindi kimoja, kama moja ina mvumo, isahihishe, kisha linganisha harmoniamu ya zile nyingine na hiyo. Kwa kaseti za udi mtupu utalinganisha na mwendo na sauti ya mwimbaji tu, na hapo ni sikio, si kipimo. Kaa na watu wawili zaidi.

Rekodi za Zein zilizotoka nje hazina tabu hii. *Mtindo wa Mombasa* ya GlobeStyle ya 1990 na *The Swahili Song Book* ya Dizim ya 1999 zilitoka kwenye CD, kasi yake imeshikwa. Ndiyo, kijana, wewe umekuwa ukilinganisha CD ya Zein na kopi ya tatu ya Bhalo.

MwanaMkomani
Hilo la CD lina uzito, sikulifikiria kwa njia hiyo. Hata hivyo kasi ikisahihishwa, noti za juu za Bhalo bado ni za juu. Tuni za sinema zilitungiwa makoo ya akina Mohammed Rafi, na antara lazima ipande.

ShelaYaMalindi
Lazima ipande, naam, na alipanda bila kupiga kelele. Wangapi wameweza?

BintiLangoni
Fundi, na kaseti inayotoka sauti ya ndani ya pipa, treble, zile sauti kali za juu, yote imekwenda? Huku kwetu Amu nyingi ziko hivyo.

FundiKaseti
Mambo matatu, yafuate kwa mpangilio huu kwa sababu la kwanza ndilo rahisi.

La kwanza, kipande cha sponji au kitambaa kilicho katikati ya mdomo wa kaseti, kinachousukuma mkanda ugande kwenye hedi, kichwa cha mashine kinachosoma mkanda. Gundi yake inakauka kinadondoka. Kama hakipo, mkanda unaelea na treble inapotea, inakuja na kwenda. Toa kingine kwenye kaseti isiyo na thamani, futa gundi kuukuu, bandika kikae sawasawa katikati.

La pili, hedi chafu. Alkoholi ya isopropili ya 90% kwenda juu kwenye pamba ya kijiti, futa mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti ya dukani yenye maji mengi huacha ukungu. Rola ya mpira ipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, alkoholi ikizidi inaukausha mpira unapasuka.

La tatu, pembe ya hedi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Mashine iliyorekodi ilikuwa na pembe yake, yako ina pembe nyingine, na hata upotofu mdogo sana unakula treble. Weka sauti iwe mono, kushoto na kulia zikiunganishwa, kisha zungusha skrubu kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza upatu wa tari au mkwaruzo wa risha (kipigio cha udi) kwenye uzi. Pale inapong'aa zaidi ndipo penyewe. Mono ni muhimu: kwa stereo sikio linakudanganya. Kila kaseti ina pembe yake, hata upande A na B hupishana, kwa hiyo zoezi unalirudia. Usitumie mashine ya mtu kwa kazi hii bila kumwambia, kaseti zake mwenyewe zitaharibika sauti.

Kwa hewa yenu ya chumvi ongeza hili. Kabla ya kuipiga, tazama kupitia dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za mkanda, ni kuvu, usiiweke kwenye mashine, itaambukiza hedi na kaseti inayofuata. Isiyo na kuvu, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja, mkanda upumue na ujipange. C90 ziendeshe kwa upole, mkanda wake ni mwembamba kuliko wa C60. C120 msiziguse na mashine inayorudisha kwa nguvu.

Na isafishe kelele *baada* ya kuhifadhi nakala ghafi. Watu wanapiga kitakasa kelele kwanza, kinakula mkwaruzo wa risha kwa sababu programu haijui tofauti ya risha na vumbi. Kisha wanasema udi wa fulani haukuwa na makali.

MpwaniWaKaloleni
Samahani kuwakatiza. Malindi mnaizungumza kama ni ya taarabu peke yake. Nyerere wa Konde na mwanzele wake, ngoma ya Wamijikenda, je? Kayamba halina mwenyewe humu?

ShelaYaMalindi
Ndugu yangu, fungua uzi wake, wallahi nitakuja. Humu tukiingiza mwanzele hatutoki, na si haki kumtaja kwa mstari mmoja.

TariNaDumbaki
Kuna swali la harmoniamu limerukwa. Kuna wanaotaka kufufua kundi la mtindo wa Bhalo, wamepata harmoniamu kuukuu, noti tatu hazitoki na moja imepotoka.

RishaYaTai
Zisizotoka: fungua kifuniko, toa ubao wa tamvua. Mara nyingi ni vumbi au kutu ya kijani, shaba na hewa ya bahari havipatani. Pitisha karatasi nyembamba chini ya ulimi wa tamvua, upole, usiukunje. Iliyopotoka: ukikwangua ncha ya ulimi noti inapanda, ukikwangua karibu na shina inashuka. Kwangua mara mbili, rudisha, sikiliza. Ulimi ukishakonda haurudi. Na tazameni mivukuto kabla ya yote, mende wanakula kitambaa, pumzi ikivuja noti zote zinafifia mkaanza kutengeneza tamvua ambazo hazina kosa.

MwanaMkomani
Nimeusoma uzi wote tena. Kwa mtunzi wa mahadhi nabaki na Zein, hapo sihami ndia. Kwa kuweka neno ndani ya noti, Bhalo na Ahmad Nassir wamenipa kazi ya kusikiliza upya, na nitasikiliza nakala iliyopimwa, siyo ile ya kwenye simu.

ShelaYaMalindi
Nami nimekupa udi muda mrefu, ami. Ila usimwite tena mtu wa tuni za kupikwa.

KijanaWaBarani
Fundi, nina swali la mwisho. Kaseti ya Bhalo tuliyo nayo ganda lake limegandishwa, halina skrubu, na mkanda umekatika ndani. Nafungua vipi?

FundiKaseti
Tafuta kwanza ganda tupu lenye skrubu tano, kutoka kaseti ya bei rahisi. La zamani lishike wima, ingiza kisu chembamba kwenye mshono wa upande mrefu ulio kinyume na mdomo, gonga kwa upole uende mpaka pembe. Usianzie mdomoni, mkanda uko hapo. Likifunguka, liweke chali mezani, upande A juu, upige picha kabla ya kugusa chochote, uone mkanda unapita rola zipi. Unganisha ulipokatika kwa gundi-karatasi ya kuungia kaseti, upande wa nyuma wa mkanda, ule usiogusa hedi. Seloteji ya dukani usitumie, joto la huku linayeyusha gundi yake na itagandisha mizunguko pamoja. Hamisha rola na zile karatasi mbili laini pia, usizisahau. Funga skrubu zote tano kiasi, kisha zilegeze nusu mzunguko, ganda likibana sana mkanda utakwenda ukisimama na utadhani ni mashine.

Ukiipata inazunguka, usiisikilize. Rekodi papohapo, mara ya kwanza.